Jongoo Bahari wa Adut

Mwalimu Ejore hakuwa mtu mbaya, ila tangu Aprili wivu ulikuwa umemkwama kooni, haushuki kwa chai wala kwa maji.

Yeye ndiye aliyemfundisha Adut kazi ile. Meli ya watafiti hushusha kamera hadi sakafu ya Pasifiki, kilomita nne chini, kusikofika mwanga wa jua, kisha picha huwekwa mtandaoni ili watu wa kujitolea waseme kilichomo. Wanyama wengi wa huko hawana hata jina. Ejore, mwalimu wa baiolojia mjini Lodwar, alikwenda Kakuma kuwafundisha vijana wa kambi ya wakimbizi, na Adut, binti wa Kidinka, akapangwa awe mwenzake wa kuangalia picha zilezile. Haikupita miezi miwili mwanafunzi akampita mwalimu. Jongoo bahari wawili waliofanana kama mapacha, Adut aliwatenganisha kwa baka moja la ubavuni. Watafiti wakamwandikia barua ya kumsifu. Ejore, miaka mitatu akikodoa macho, hakuwahi kuandikiwa hata salamu. Ilimuuma, tena ilimuuma sana.

Basi ikaja picha moja yenye ukungu. Adut akaandika: mnyama asiyejulikana. Ejore akaikuza. Ni kweli, jongoo bahari alikuwepo, mweupe, miguu saba upande mmoja na mkia umesimama kama wa ngiri anayekimbia. Hakuwahi kumwona popote. Wakikubaliana wote wawili, picha ingekwenda kwa watafiti, na jina la aliyemwona kwanza lingechapishwa. Jina la Adut, si lake. Ejore akaandika: jiwe.

Akajifariji. Si wakitofautiana picha hupelekwa kwa mtu wa tatu? Alitaka tu binti acheleweshwe kidogo, naye aonje kukataliwa. Siku hiyo alikula vizuri, hata akamtania mkewe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na kikao Kakuma. Adut akamkuta mlangoni mwa ukumbi wa kompyuta, akamsalimu kwa Kiturkana.

“Ejok, mwalimu! Ile picha nilirekebisha.”

“Ulirekebisha aje?”

“Niliweka jiwe, kama wewe. Imefungwa. Sikutaka hao watu wa meli waone mwalimu wangu anapingwa na mimi.”

Ejore alijua maana yake. Picha iliyofungwa haiangaliwi tena na mtu.

“Lakini wewe uliona nini?”

“Mimi niliona miguu kabisa. Nikahesabu. Halafu nikajiambia, mwalimu amechunga mbuzi huko Lopur tangu utoto, mtu kama huyo hawezi kuita mnyama jiwe. Basi ni macho yangu iko na shida. Nimewaambia wanitoe kwa hii kazi, nisiwaharibie.”

Ukweli ulikuwa maneno matatu tu, “hata mimi niliiona,” na Ejore alikuwa nayo mdomoni. Alimtazama binti yule, na Mungu amsamehe, hata hapo alimwonea wivu: yeye mwenyewe hakuwahi kumwamini mtu namna hiyo.

“Usijali, Adut,” akasema. “Kila mtu hukosea.”

Adut akamshukuru.