Inchi Kumi na Nane

Eligio alipiga magoti, akauzungushia mlimau duara jeupe kwa kopo la rangi ya kupuliza, kisha akainua uso.

"Huu, doña, tunauacha au tunautoa?"

Herminia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkono mmoja, jani la mpungate, mboga ya kwao, mkono wa pili. Alikuwa akikwangua miiba tangu alfajiri. Hakuwa na wa kumuuzia, ila mikono yake haikujua kukaa bure.

"Mnauacha. Niliandika kwenye fomu."

"Uliandika. Lakini siku yenyewe lazima niulize tena. Ndiyo sheria."

"Basi umeuliza."

Aliendelea kukwangua. Nyuma ya Eligio wanaume watatu waliovaa suti nyeupe za karatasi walikuwa wakichimba pale ilipokuwa mipungate yake, mmoja akinyunyiza maji ili vumbi lisiruke. Uwanja wa mbele walikuwa wameumaliza jana kwa mashine ndogo. Huku nyuma, karibu na nyumba na miti, walichimba kwa mkono: inchi kumi na nane kwenda chini, ukuta hadi ukuta. Mipungate aliyoipanda miaka ishirini na sita iliyopita ilikuwa imelazwa kwenye lori, chini ya turubai, kama taka nyingine yoyote. Karatasi za jimbo ziliiita hivyo. Taka.

"Komadre!" Tomasa aliita kutoka upande wa pili wa ua. Ndiye aliyemsimamia mtoto wa Herminia ubatizo, na tangu siku ile hawakuwahi kuitana kwa majina. "Una wanaume wanne uani na hujapaka hata rangi ya midomo!"

"Wamevaa kama mayai, nimpakie nani?"

"Huyo mkubwa wao nasikia ni mjane."

"Ninasikia, doña," Eligio akasema bila kugeuka.

"Ndiyo maana nimepaza sauti, baba."

Wanaume wakacheka ndani ya barakoa zao. Herminia naye alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia usoni kabla halijafika machoni. Tomasa aliliona. Akashusha kidevu kwenye ua.

Ua wa Tomasa ulichimbwa mwaka juzi. Mtaa mzima ulikuwa umechimbwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimefungwa, lakini moshi wake wa miaka mingi ulikuwa umeshatua: juu ya mapaa, kwenye bembea, kwenye mchanga waliolalia paka. Jimbo lilipima nyumba kwa nyumba. Kiwango cha madini ya risasi walichokikubali kwenye udongo kiliishia sehemu themanini katika milioni. Kwa Herminia walipata mia nne na kitu. Barua ikaja kutoka Sacramento, makao makuu ya jimbo, kuomba ruhusa, kwa kuwa bila sahihi ya mwenye nyumba hawakuweza kukanyaga. Ikaja ya pili. Ya saba. Herminia alizikunja zote na kuziweka kwenye droo ya vitambaa vya kufunikia mikate ya tortilla, na kila binti au kijana wa jimbo aliyebisha hodi alimpa kahawa na kumrudisha mikono mitupu.

Miaka mitatu alifanya hivyo, kwa ajili ya mlimau.

Anselmo alipozaliwa, kitovu chake kilikauka na kudondoka siku ya nane. Mama yake Herminia, aliyekuwa hai bado, alikifunga kwenye kipande cha pamba, akachimba kwa kijiko, akakizika chini ya mche wa limau usiofika kiunoni. "Sasa hata aende wapi," alisema, "ardhi inamjua." Na Anselmo alikwenda. Alikwenda Alaska kuvua kaa, kwa kuwa msimu mmoja huko ulilipa kama mwaka mzima wa hapa, na mwezi wa Februari chombo kikapinduka na watu sita. Bahari haikurudisha hata kiatu. Padri alisoma misa mbele ya picha. Kwa hiyo mwili wake wote aliobaki nao Herminia, wote kabisa, ulikuwa ule uliozikwa kwa kijiko.

Nayeli, binti wa Anselmo, alikuwa na miaka miwili wakati huo. Alipojua kutembea vizuri bibi yake alimfundisha kumsalimia baba. Kila asubuhi kabla ya shule walikwenda wawili hadi kwenye mlimau, wakainama, wakagusa udongo kwa vidole, wakafanya ishara ya msalaba, na mwishoni wakabusu kidole gumba, kama ilivyo desturi. "Buenos días, papi," mtoto alisema. Kisha mbio kwenye basi.

Mwaka jana, Nayeli alipotimiza miaka sita, herufi zilianza kumtoroka. Alizijua Jumatatu, na Alhamisi hazipo. Zahanati ikamtoa damu. Muuguzi alirudi na namba ya risasi iliyomo damuni na sauti ya upole sana.

"Anacheza kwenye udongo, señora?"

"Hachezi," Herminia alijibu, na bado alikumbuka jinsi alivyonyoosha mgongo aliposema. "Mtoto wetu hachezi kwenye uchafu. Mboga zake naziosha kwa siki mara tatu. Viatu anavivua mlangoni."

"Anaweka mikono mdomoni?"

Herminia alifungua kinywa kusema hapana. Nayeli akawahi. Alishuka kwenye kiti, mtoto mkweli, akagusa sakafu ya zahanati kwa vidole viwili, akafanya ishara ya msalaba, akabusu kidole gumba, akamtazama muuguzi akisubiri kusifiwa.

Kesho yake Herminia alitia sahihi. Marisela, mkwewe, mama yake Nayeli, alirudi kutoka zamu yake ya kiwanda cha tortilla, akaisoma fomu iliyokuwa mezani, akaiweka chini, akaenda kuoga. Hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Bi Pham, mkaguzi wa jimbo, alikuja kutoka kwenye lori akiwa na kipimo chake, kidude chenye mshiko kama bastola ya kuchezea. Alikuwa binti mdogo, nywele amezifunga chini ya kofia ngumu. Alikibonyeza chini ndani ya duara jeupe, akasubiri, akasogea, akabonyeza tena. Mara nne. Hakusema namba. Alimgeuzia Eligio kioo, na Eligio akapumua kwa nguvu ndani ya barakoa.

"Ngapi?" Herminia akauliza.

"Mia tisa na kumi na mbili," Bi Pham alisema. "Maji ya paa yanamwagikia hapa. Mvua ilikuwa ikikusanya vumbi lote na kulileta huku."

Herminia aliweka kisu kwenye ukingo wa dirisha. Alishuka ngazi mbili, akasimama pembeni mwa duara bila kulikanyaga.

"Mkiuacha mti, mnachimba vipi?"

Eligio alimweleza. Wangechimba kwa mikono hadi kwenye mizizi minene, basi. Udongo ulioshikwa na mizizi ungebaki. Juu yake wangetandika wavu wa onyo wa rangi ya machungwa, na juu ya wavu vipande vya mbao. "Inaruhusiwa kabisa, doña. Nimefanya miti mingi hivyo."

"Na huo unaobaki una ngapi?"

"Hizohizo."

"Na wavu unakaa miaka mingapi?"

Eligio alimtazama Bi Pham. Bi Pham alitazama viatu vyake.

Herminia alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa chupa ya mayonezi iliyooshwa ikang'aa, na kifuniko chake. "Nina ombi lingine basi. Sitaki mengi. Kiganja kimoja cha udongo, kutoka upande ule wa ukuta. Nitafunga, sitafungua tena."

"Kuna nini upande ule?" Bi Pham akauliza.

"Kitovu cha mwanangu."

Tomasa, kwenye ua, alijifunika mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Changu kipo Michoacán," Eligio alisema polepole. "Chini ya mparachichi wa mjomba wangu. Na walishauza shamba."

Bi Pham aliinua macho. Yalikuwa yamelowa, na hilo lilimfanya aonekane mdogo zaidi, kama mtu aliyetumwa na wakubwa kusema neno ambalo wao hawakutaka kulisema.

"Mama, siwezi. Udongo wa hapa ukishapita kiwango kile kisheria ni taka ya sumu. Kila mzigo una hati yake, kuanzia hapa hadi unakofukiwa. Na hata ningeweza," sauti ikamkatika, akaanza upya, "hata ningeweza, nisingekupa. Chupa huvunjika. Mtoto hupanda kiti."

Herminia aliigeuza chupa mkononi. Alimwona Nayeli juu ya kiti. Alimwona wazi kabisa: vidole vya miguu, soksi moja imeshuka, mkono umenyooshwa kabatini kumfikia baba yake.

Eligio alisogea karibu, akashusha sauti. "Doña, uache mti. Nionyeshe mahali penyewe, nami nitapita mbali napo. Sheria ipo upande wako. Hakuna atakayekuuliza."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Laiti wangemlazimisha. Laiti wangekuja na polisi, angelala juu ya mizizi na kupiga kelele hadi mtaa mzima utoke, na usiku angemwambia Anselmo: walikuchukua, mwanangu, sikuweza kuwazuia. Lakini walikuwa wamesimama, watu wazima wanne na binti mmoja, wakimsubiri yeye.

"Utoeni," alisema.

"Mti?"

"Mti na kila kitu. Chini ya mizizi. Hadi kidude chenu kinyamaze."

Eligio aliwatuma vijana wake mbele ya nyumba wakafunge turubai, ingawa lilikuwa limefungwa. Alichukua chepe mwenyewe. Alivua kofia ngumu, akasimama nayo kifuani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akaivaa tena, akaanza upande wa ukuta.

Herminia alitazama kila chepe. Alidhani kuna kitu angekitambua: uzi wa pamba, rangi tofauti, ukavu fulani. Miaka thelathini na mitatu. Udongo ulipanda na kumwagika kwenye ndoo, mweusi, wenye unyevu, na chepe iliyofuata ilikuwa sawa na iliyotangulia. Mahali fulani Eligio alisita, akamtazama.

"Kuna kitu?" Herminia akauliza.

"Jiwe tu."

"Basi endelea."

Mizizi ilikatika kwa mlio mkavu, mmoja mmoja. Harufu ya limau ikajaa ua wote, kali, kana kwamba mtu ameandaa karamu. Mti ulipolala, majani yake yalikuwa bado yanameremeta na matunda sita hayakuwa yamedondoka. Waliyabeba nayo.

Saa sita mchana kipimo kilisoma thelathini na moja. Bi Pham alijaza karatasi juu ya boneti ya lori. Herminia alimfuata, akipangusa mikono kwenye aproni.

"Nitie sahihi wapi?"

"Huhitaji, mama. Sehemu hii natia mimi, hii dereva, hii watakaoupokea." Alisita. "Sasa ni wa jimbo."

Herminia aliisoma karatasi taratibu, kwa kidole, kama Nayeli. Uzito. Aina. Namba ya lori. "Wanaupeleka wapi?"

"Jangwani. Kuna shimo lenye kibali. Chini limetandikwa plastiki nene, tabaka mbili, na likijaa wanalifunika. Halafu linalindwa."

"Linalindwa miaka mingapi?"

"Daima, nadhani. Hakuna anayeruhusiwa kulichimba tena."

"Na mtu akitaka kwenda? Kusimama tu?"

Bi Pham alitikisa kichwa.

Lori likaondoka polepole, turubai limekazwa, magurudumu yameoshwa yasiache hata tope la mtaa huu njiani. Herminia alisimama barabarani hadi likakunja kona ya kanisa. Tomasa alikuwa amekuja bila kuita, ubavuni mwake, na kitambaa chake cha vyombo. Alimshika kiwiko.

"Ningekuwa wewe ningeuacha, komadre," alisema baadaye. "Mungu anisamehe. Ningeuacha."

"Ninajua."

Saa nane lori jingine lilileta udongo mpya. Ulikuwa wa kahawia isiyokoza, umechekechwa, hauna jiwe wala mdudu, na haukunuka chochote. Waliumwaga, wakausawazisha kwa reki, ukuta hadi ukuta. Eligio alimwachia mpira wa maji na maelezo: asubuhi na jioni, wiki mbili, maji kidogokidogo, udongo ulale. Mtu asiukanyage. Aliagana naye kwa mikono miwili.

Nayeli aliporudi kutoka shuleni alikuta mlango wa nyuma umefungwa. Herminia alimsikia akikokota kiti hadi kwenye dirisha la jikoni, akapanda, akabandika paji la uso kwenye kioo. Herminia hakugeuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, kidole kwenye mdomo wa mpira, maji yakitawanyika kama mvua nyembamba juu ya uwanja uliokuwa tupu kabisa.

"Bibi!" Sauti ya mtoto ilipita kwenye upenyo wa dirisha. "Umepanda nini?"

Maji yalikuwa yameanza kutuama mahali pamoja, karibu na ukuta, pale uliposimama mlimau. Herminia aliusogeza mpira kidogo, yasije yakachimba shimo.