Mate Yanakata Wanga

Jikoni pale mkahawani walimwita Bi Wanga, na mwenyewe alicheka. Wangemwitaje tena? Alikuna muhogo, akauchuja kwa kitambaa, akauacha wanga utulie chini ya beseni, akamwaga maji ya juu na kuuanika. Unga ule mweupe, ukikorogwa kwanza kwenye maziwa baridi ndipo utiwe kwenye yanayochemka, uliifanya pudingi yake isimame wima ikipinduliwa sahanini. Wenye midomo yao walitania kwamba mama huyo anawanga kweli, usiku anapaa na ungo. Utani tu, wala haukumkera.

Kaka yake alipofariki, alimchukua binti wa marehemu na kumfundisha kazi kama mwanawe wa kumzaa. Siku ya kwanza binti akaonja pudingi ya vuguvugu, akarudisha kijiko sufuriani. Bi Wanga akamtia kikofi cha mkono.

"Koma. Mate yanakata wanga. Hiyo italegea iwe maji. Kijiko kikishaingia mdomoni, kinaoshwa."

"Nimesikia, shangazi." Na alisikia kweli, tena vizuri mno.

Haukupita muda, pudingi zikaanza kulegea. Asubuhi zimeshika, mchana wateja wanazinywa. Bi Wanga akabadilisha muhogo, akabadilisha maziwa, akasugua masufuria mpaka kucha zikamuuma. Mwenye mkahawa, mtu asiyejua kupindisha maneno, akamwambia, "Ikilegea tena, unatoka. Jikoni, na kile chumba cha uani." Chumba hicho ndicho makao pekee aliyokuwa nayo duniani. Nyuma ya mgongo wake wenzake wakanong'ona kwamba wanga umemgeukia mwenyewe, na safari hii hakuna aliyecheka.

Basi akajibanza stoo. Akamwona binti akiiinamia sufuria iliyoepuliwa, anachota, analamba kijiko, anakirudisha, anakoroga. Mara ya pili hakujisumbua hata na kijiko. Alitema tu.

Hasira zikampanda mama wa watu, akamburuta binti mpaka mbele ya mwenye mkahawa na wapishi wote.

"Muulizeni kwa nini anatemea chakula cha watu."

Alidhani kamaliza kazi. Kumbe mwenzake alishajipanga zamani. Machozi yakamtoka binti taratibu, kichwa kakiinamisha.

"Nisameheni, naogopa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mate yanakata wanga."

Mchoma nyama akasogea nyuma.

"Uliyasema hayo?" mwenye mkahawa akauliza.

"Niliyasema, lakini wanga wa muho..."

"Uliyasema. Sufuria hiyo ikamwagwe. Na wewe, mama, vua aproni."

Alieleza, akaapa, akaomba wamletee muhogo awaonyeshe. Hakuna aliyetaka hata kumtazama usoni, achilia mbali kushika kitu kilichotoka mikononi mwake.

Alasiri alifunga kitita chake. Binti alikuwa ameshaanza kufagia chumba, godoro lake mwenyewe liko mlangoni, linangoja kuingizwa. Akaweka ufagio pembeni, akamletea shangazi yake bakuli la pudingi.

"Nimekupikia ya njiani. Onja, imeshika."

Ilikuwa imesimama wima, laini, haina hata donge moja. Bi Wanga aliitazama, akaketi juu ya kitita, akaila yote, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.