Taa Nyekundu ya Verlyn

Verlyn Tollefsrud alizeekea katika bunge la jimbo pale Bismarck, na miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja: daraja jipya la Sorum, kwao alikozaliwa, ili malori ya ngano yaache kuzunguka nusu ya wilaya. Kila kikao alipeleka mswada, kila kikao kamati ikauzika. Sasa Kaia Brandvold, mwalimu aliyechaguliwa juzijuzi kutoka wilaya hiyohiyo, ameupeleka uleule, na kamati imeupitisha huku ikitabasamu.

"Maneno ni yako karibu yote, mzee," Kaia alimwambia mkahawani wakinywa supu ya viazi. "Nimebadilisha jina tu."

"Jina ndilo lenyewe," Verlyn alijibu, akaendelea na supu yake.

Wivu ulikuwa umemkaba. Kilimuuma hata kicheko cha yule binti, na jinsi walinzi wa mlangoni walivyomsalimia kabla yake yeye.

Mchana Kaia alisimama kuutetea mswada. Spika akafungua kura, ubao mzima wa kura ukawaka taa nyekundu, yaani hapana. Ni utani wao wa siku zote: mswada wa kwanza wa mbunge mpya hukataliwa na wote, wamwone akibadilika rangi, kisha kila mtu hugeuza kura kabla Spika hajaifunga. Hufanyiwa hivyo wanaopendwa tu. Mswada wa kwanza wa Verlyn, wa jambo jingine, ulipita zamani bila utani wowote, wenzake wakipiga miayo.

Verlyn naye alibonyeza nyekundu. Alipomwona Kaia ameshika meza kwa mikono miwili, midomo imemkauka, alijisikia raha, raha tupu, na hakujionea haya.

Vicheko vikaanza huko nyuma. Taa zikageuka kijani, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki yake. Alijua mswada utapita bila yeye. Alijua pia kwamba kwao Sorum watasoma gazetini ni nani pekee aliyelikataa daraja lao. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, ni kukishusha tu.

"Yupo mwingine wa kubadilisha?" Spika aliuliza, akimtazama yeye.

Verlyn alitazama dirishani, theluji ilikuwa ikianguka. Kura ikafungwa.

Ukumbi ulikuwa bado unapiga makofi Kaia alipomjia na kumkumbatia, machozi yakimtoka kwa kucheka.

"Wenzako wote wameniachia, wewe umekaza mpaka mwisho! Hawa huku nyuma walianza kunong'ona, nikawaambia nyamazeni, huyo ni mzee wangu, ananitania."

Hapo Verlyn alimwonea wivu kuliko siku zote, maana yeye hajawahi kumdhania mtu mema kiasi hicho.

"Sikuwa nakutania, Kaia," alisema.

Kaia alicheka zaidi, akampigapiga begani, akaenda kupeana mikono na wengine.