Aliyeezua Bati

Usiniulize kwa nini sebule yetu haina dari. Muulize mume wangu, Adewunmi!

Mpangaji wetu Bassey, fundi cherehani, alikuwa akiwasha jenereta koridoni, moshi mtupu, na hasikii la mtu. Nikamwambia mume wangu, "Baba Folake, mpe notisi ya maandishi. Akigoma kuhama, nenda mahakamani."

Akanifokea: "Nyumba nimejenga mwenyewe, niandike barua ya nini?"

Jumamosi asubuhi akapanda juu na nyundo, akaezua mabati ya chumba cha Bassey. Eti marehemu baba yake ndivyo alivyokuwa akifukuza wapangaji. Bassey akafunga turubai juu ya cherehani yake, akaendelea kushona.

Adhuhuri mvua kubwa ikaipiga Ibadan. Dari ya nyumba yetu ni moja, chumba hadi chumba. Maji yakatambaa juu yake mpaka kwetu, sebule nzima ikaporomokewa na dari, makochi yangu yakalowa chapachapa. Nikabaki na ndoo mkononi, nakinga maji.

Bassey akabisha hodi, mkavu kabisa.

"Baba mwenye nyumba," akasema kwa adabu, "nimebakiwa na kipande cha turubai. Nikuletee?"