Nyusi ya Mwalimu Dorine

Kwaya ya kanisa letu, huku nje ya Kiptere ambako mashamba ya wenyeji yanapakana na nyumba za wachuma chai, iliongozwa kwa nyusi. Ilibidi iwe hivyo. Mwalimu Dorine ndiye aliyepiga kinanda, na kinanda kiliishika mikono yake yote miwili. Akiinua nyusi ya kushoto, soprano wanaingia. Ya kulia ni ya besi. Akiinua zote mbili, kanisa zima linaimba, hata wale ambao heri wangenyamaza. Akikunja uso, hapo wanajua wameharibu, na waliharibu mara nyingi.

Dorine alizaliwa na ualbino, na nyusi zake nyeupe hazikuonekana kutoka safu ya nyuma. Kwa hiyo kila siku ya kuimba alizichora kwa penseli nyeusi, nene kama za mtu mwenye kesi na wewe.

Jumamosi moja wakiwa mazoezini, wimbo ulifika mahali pa soprano na soprano wakanyamaza kimya. Dorine akasimamisha kinanda.

"Nyinyi mnangoja nini? Posho?"

"Tunangoja wewe, Mwalimu," akasema Rebeccah, kiongozi wa soprano. "Si uinue kwanza tuingie."

"Nimeinua."

"Haujainua."

"Rebeccah, hii ni nyusi yangu ama ni yako?"

Rebeccah akatoa simu, akaigeuza iwe kioo, akamshikia mbele ya uso. Dorine akainua nyusi zote mbili. Ya kulia ikapanda vizuri. Ya kushoto ikabaki ilipokuwa, imelala fofofo. Akajaribu tena, akajikaza mpaka masikio yakacheza, na watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini aliogopa.

Maana alijua jambo ambalo hao wengine hawakulijua. Chini ya ukingo wa kofia yake, kwenye panja la kushoto, kulikuwa na kidonda kidogo kisichotaka kupona. Kutoka hapo mpaka kwenye paji la uso alihisi kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Alikuwa amelaumu kofia. Akanunua nyingine, akailaumu hiyo pia. Sasa akaivua, akawaonyesha.

Mzee Johana, besi, mfuga ng'ombe wa maziwa, akaja mbele akafunika kinanda.

"Ng'ombe yangu ikilegea sikio tu, naita daktari," akasema. "Wewe umelegea uso na bado unatafuta wimbo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Enda hosipitali, Mwalimu."

Akaenda hospitali ya Bomet. Wakamkata kipande cha kidonda, kikapelekwa maabara, na majibu yaliporudi Daktari Sagini, msichana mwenye sauti ya alto safi kabisa, akamweleza bila kuzunguka. Ilikuwa saratani ya ngozi. Maabara walipaka kipande kile dawa inayoshika protini zilizo kwenye mishipa ya fahamu, ili mishipa ionekane kwa rangi ya kahawia.

"Kahawia kama chai?"

"Kama chai ya rangi. Halafu tukapaka nyingine inayoshika protini ya saratani. Tukaiona imeuzunguka mshipa, inaufuata. Ni kama fuko, Mwalimu. Akipata laini ya viazi, hahangaiki kutafuta njia yake."

"Na hii laini inaenda wapi?"

"Tukiiacha, ndani ya kichwa. Huo mshipa ndio unainua nyusi. Lazima tuutoe."

"Nipe mpaka mashindano ya kwaya yaishe."

"Saratani haingoji zamu yake kuimba."

Dorine alilia, akamwambia daktari kwamba analilia nyusi, wala asimcheke. Watu walikuwa wamemkodolea macho tangu utotoni, sokoni, shuleni, kila mahali. Ni ile nyusi iliyowafanya wamtazame kwa sababu walitaka kuimba.

Aliporudi Kiptere akaiambia kwaya kwamba atakwenda kukatwa baada ya mashindano, na kwamba soprano wataingia akitikisa kichwa. Akapiga kinanda, akatikisa kichwa. Kimya. Akatikisa tena mpaka kofia ikaanguka.

"Tutaingia ukirudi," akasema Rebeccah.

Mgomo ule ulimuudhi Dorine vibaya sana. Kesho yake akapanga nguo zake, akaenda hospitali.

Wakautoa uvimbe pamoja na mshipa. Daktari Sagini akapaka rangi zake tena, akaja wodini akitabasamu hata kabla ya kufika kitandani: pale mwisho walipokata, mshipa ulionekana na saratani haikuwepo. Bado angepigwa mionzi, bado angerudi kuchunguzwa mara kwa mara. Lakini fuko alikuwa hajafika mbali.

Jumapili aliyorudi kanisani, Dorine alikaa mbele ya kioo na penseli yake. Nyusi ya kulia aliichora mahali pake. Ya kushoto ilikuwa imeshuka juu ya jicho, haina habari. Akaiacha hapo ilipo, akachora nyingine juu kabisa kwenye paji la uso, pale ilipokuwa ikifika zamani.

Alipoketi kwenye kinanda, hata kabla hajabonyeza kitu, soprano wakaingia. Wakaimba sehemu yao, wakairudia tena na tena, wakawafunika besi. Dorine akawakunjia uso, hawakujali. Pasta akasimama kuomba, wakaimba. Akasema amina bila kuomba, wakaimba.

"Rebeccah! Nyamazeni!"

"Bado imeinuka, Mwalimu!" akajibu Rebeccah, machozi yakimtiririka mashavuni.

Pasta akamwonyesha Dorine kwa ishara aifute. Dorine akalowesha kidole gumba kwa mate, akakipeleka kwenye paji la uso. Akawatazama wale wanawake, wote wamemkazia macho, midomo wazi. Akakishusha kidole, akawapigia ubeti mwingine.