Kumi Kabla ya Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Taasisi nzima ya magonjwa ya mifugo ilimwita Mganga, naye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nishani. Kazi yake ilikuwa kuchambua vinasaba vya virusi. Mashine ikishasoma sampuli, yeye ndiye aliyepitisha data kwenye msururu wa programu: hii inasafisha, ile inalinganisha, nyingine inatoa jibu. Msururu huo aliutunga mwenyewe, na haukumtii mtu mwingine. Kwenye kompyuta ya jirani yake uligoma. Kwenye seva kubwa uligoma. Akija yeye, akagusagusa hapa na pale, akasonya kidogo, mambo yakaenda.

Mtu mwingine angeona aibu. Yeye kichwa kilimvimba. Mafaili yake aliyaita “mwisho”, “mwisho kweli” na “mwisho hii ndiyo”, na ndani ya hilo la tatu aliwaandikia wenzake maelezo ya neno moja: “Usiguse.”

Basi ofisi ikampokea mchambuzi mpya, binti mwenye maswali mengi hata wakambandika jina la Mdadisi siku hiyohiyo.

“Kaka, hatua za uchambuzi zimeandikwa wapi?” aliuliza.

“Hapa,” Mganga akajigusa paji la uso.

“Na ukiugua?”

“Mtaniombea nipone.”

Ofisi ikacheka. Mdadisi hakucheka.

Muda si mrefu mkurugenzi akarudi kutoka kwenye mkutano akiwa na begi jipya na neno jipya. “Kuanzia leo,” akagonga meza, “kila uchambuzi wetu uwe unarudika! Mtu yeyote aurudie, popote, apate jibu lilelile.” Mdadisi akaeleza kwamba dawa yake ni kontena: programu zote na matoleo yake zinafungwa pamoja, zikifunguliwa kwenye kompyuta yoyote zinafanya kazi vilevile. Mkurugenzi akaandika, akaitikia kwa kichwa kwa busara, na kesho yake watu wakaona nyasi zinafyekwa nyuma ya karakana ili kontena lipate pa kukaa.

Mganga alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakupinga kazi hiyo akabidhiwe Mdadisi. Alijua atahangaika wiki mbili tatu, kisha atakuja mwenyewe, mikono nyuma, kuomba msaada.

Kabla hajaja, ugonjwa ukaingia kwenye kuku. Wakaanza kufa katika shamba moja, maafisa wa mifugo wakachukua sampuli hapo na katika mashamba yote ya jirani, wakayapa namba moja hadi kumi, lile la vifo likiwa la kwanza. Shamba namba mbili lilikuwa la shemeji yake Mganga, kaka wa mkewe. Simu zikaanza kulia. Mkurugenzi akawa anauliza jibu kila baada ya pumzi, hata Mganga akachambua huku simu ikiwa imebanwa begani. Jibu likatoka: shamba lililokuwa na vifo lina kirusi kikali, hilo halikumshangaza mtu. Kingine kiko namba mbili.

Moyo ulimpasuka, lakini kiburi kiliushona haraka. “Sheria haina shemeji,” akatamka, kwa sauti ya kusikika mpaka korido ya pili.

Shemeji akampigia. “Shemeji, njoo uwaone mwenyewe. Wanakula, wanawika, wanapigana. Mgonjwa gani anapigana?”

“Shemeji, macho hayaoni vinasaba.”

Kuku wote wa namba mbili wakauawa na kuchomwa. Mkurugenzi akawakusanya wafanyakazi na kumsifu Mganga kwa uadilifu uliopita kiasi, picha ikapigwa, ikatundikwa mapokezi. Nyumbani mkewe akaacha kusema naye. Alimsemesha kupitia watoto. “Mwambieni baba yenu chumvi iko pale pale ilipo siku zote.” Naye alikula chakula chake akijiona shahidi wa haki, na shahidi wa haki hulazimika kuvumilia mengi.

Mdadisi naye alikuwa amemaliza kontena lake. Ili kulijaribu alihitaji data ambayo jibu lake linajulikana, akachukua zile za kuku. Jibu likakataa. Akarudia kwenye kompyuta yake, kwenye seva, kwenye kompyuta ya mhasibu. Kote likaja lile lile: namba mbili mzima, namba kumi mgonjwa. Namba kumi ndilo shamba lililokuwa likileta mayai kwenye mgahawa wa taasisi.

Mganga aliposikia alikuja juu kama moto wa kifuu. “Manahodha wengi, chombo huenda mrama! Twende kwa mkurugenzi, nirudie mbele yenu, tufunge mjadala.”

Wakaenda. Mkurugenzi akasogeza kikombe chake cha chai, Mganga akafungua kompyuta yake na kufanya kazi kama anavyoijua, vidole vikicheza, macho yakiwa kwa Mdadisi badala ya kioo. Jibu likatoka. Namba kumi.

Mdadisi akainamia kioo.

“Umeongeza sifuri,” Mdadisi akasema.

“Sifuri gani?”

“Kwenye majina ya mafaili. Mbili umeiandika sifuri mbili.”

“Hiyo si hatua. Hiyo ni... mkono tu.”

“Ndiyo hatua yenyewe, kaka. Bila sifuri, kompyuta inapanga majina kama kamusi inavyopanga maneno: moja, kumi, halafu mbili. Orodha yako ya mashamba inasema moja, mbili, tatu. Jibu la kumi limekaa kwenye mstari wa mbili.”

Mganga aliangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Miaka yote viliongeza sifuri bila yeye kujua kama ni kazi. Siku ile ya simu begani vilisahau.

Mkurugenzi alikuwa akiwaza mambo mengine. “Mayai,” akasema taratibu, akitazama sahani yake ya asubuhi. Kisha akajikaza. “Sikilizeni. Tutaandika kwamba matokeo yameboreshwa.”

“Na kuku waliochomwa,” Mdadisi akauliza, “nao wataboreshwa?”

Mkurugenzi akamgeukia Mganga, akitarajia wakubwa waelewane. Mganga alifungua kinywa aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa rahisi, ilikuwa na kiti na picha mapokezi. Lakini akamsikia tena shemeji yake kwenye simu akisema “wanapigana”, na ndiyo akaimeza. “Tuandike kwamba nimekosea,” akasema. “Waende namba kumi leo.”

Walikwenda. Walichelewa: mashamba mengine mawili yalikuwa yameshanunua vifaranga hapo.

Mganga alimkuta shemeji yake akifagia banda tupu. Akamweleza yote, hata sifuri.

“Kwa hiyo walikuwa wazima.”

“Walikuwa wazima, shemeji.”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia.”

Shemeji akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Hakumtukana, na hilo lilimuuma Mganga kuliko matusi. Mkewe, alipopata habari, alianza kusema naye tena moja kwa moja, na ndani ya saa moja Mganga akaikumbuka chumvi ya watoto kwa hamu.

Ofisini akakaa kando ya Mdadisi wiki baada ya wiki, akitapika kila kilichokuwa kichwani. “Hapo unafanya nini?” “Nafuta mstari wa kwanza.” “Kwa nini?” “Sijui. Huwa naufuta.” Mdadisi akaandika, akajaribu, akamrudisha nyuma. Lilikuwa zoezi la kuvuliwa nguo polepole hadharani. Ilipofika siku sampuli zikachambuliwa yeye akiwa likizo, na simu yake haikulia hata mara moja, alipiga yeye kuuliza kama kuna tatizo.

“Hakuna, kaka. Pumzika.”

Hakupumzika.

Shemeji alipotaka kufuga tena, hakukubali kuletewa karatasi. Alikuja mwenyewe maabara na sampuli za vifaranga vipya, mashine ikazisoma, kisha akadai akae kwenye kiti na abonyeze kitufe yeye, Mganga asimame mbali, mikono mifukoni. Jibu likaja: wazima.

“Rudia,” akasema shemeji, akabonyeza tena. Wazima. Akahamia kompyuta ya mhasibu, akabonyeza. Wazima.

“Umeridhika?” Mganga akauliza.

Shemeji alizungusha macho chumbani. “Ile pale ya dirishani ni ya nani?”