Msiba wa Kobe Barabara ya Ruangwa

Wewe umepita pale, usikatae. Ulisikia kitu kikipasuka chini ya tairi, ukageuzia macho mikorosho kana kwamba ndiwe mwenye shamba. Na si jana tu. Tangu mwaka wa mvua za Elinino, barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa ilipopandishwa tuta, kobe wa maji wana bwawa lao upande huu na mchanga wa kutagia upande ule. Katikati, ninyi.

Gaudensia, mkulima wa Mnero, alichoka kuokota magamba. Aliwaomba wanawake wenzake wa jumuiya wajitolee kusimama pale kwa zamu. Walipunga vitambaa vyekundu hadi mikono ikafa ganzi. Malori ya korosho yakawajibu kwa honi na vumbi.

Juzi lori likaja mbio wakati kobe jike, mkubwa kama sinia, amefika katikati ya njia. Gaudensia akavua kanga aliyojitanda, akamfunika nayo kobe mwingine aliyepondwa asubuhi, akaketi barabarani akaangua kilio.

Lori likasimama. Dereva, Mikidadi, Myao wa Masasi, akashuka ameinamisha kichwa.

"Poleni, dada zangu. Nani kafa?"

"Shemeji yako," akasema Gaudensia.

Mikidadi akafunua kanga. "Nyie Wamwera! Mboga mnaikalia matanga?"

"Mtani haruki msiba, Myao wee. Jembe hilo, chimba!"

Angefanyaje? Mtani akikataa kuzika, aibu hufika kwao kabla yake. Akachimba. Malori yakapanga foleni nyuma yake, naye akayafokea: "Zimeni honi, kuna msiba hapa!"

Kisha, kwa ujuaji wake, akambeba yule jike aliye hai, akakimbia naye, akamtumbukiza bwawani.

Wanawake wakashika viuno.

"Ndiko alikotoka, babu wee!" akalia Gaudensia. "Anakwenda kutaga, unamrudisha kama mke aliyepewa talaka?"

Mikidadi akaingia majini na suruali yake, akapapasa matope mpaka magotini. Wapi!

Jike hajaibuka bado. Atatoka tena, kwa kuwa mayai hayaombi ruhusa, na wenzake Gaudensia wamebanwa na palizi. Gaudensia yuko pale peke yake. Acha hiyo kahawa, panda baiskeli, nenda ukashike zamu leo hii. Ukimkuta huyo kobe njiani, mvushe kule anakoelekea. Haya, ondoka!